Eddie Shore

Edward William Shore (anajulikana zaidi kama Eddie Shore, 25 Novemba 1902 – 16 Machi 1985) alikuwa mchezaji wa hoki ya barafu kutoka nchini Kanada. Alicheza nafasi ya beki katika klabu ya Boston Bruins ya Marekani tangu mwaka 1926 hadi 1940. Baadaye alikuwa mmiliki wa klabu ya Springfield Indians katika jimbo la Massachusetts.

Shore anahesabiwa kuwa mmoja wa mabeki bora katika historia ya Ligi ya Taifa ya Hoki (kifupi: NHL). Alitwaa Kombe la Stanley mara 2 na tuzo ya Hart, inayotolewa kwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote kwa timu yake, mara 4. Hakuna beki mwingine aliyefikia idadi hiyo. Lakini jina lake linakumbukwa pia kwa tukio la tarehe 12 Desemba 1933, alipomwangusha kwa nyuma Ace Bailey wa Toronto Maple Leafs na kusababisha avunjike fuvu la kichwa. Tukio hilo hutajwa hadi leo kila yanapojadiliwa masuala ya kulipiza kisasi uwanjani, mchezo wa hatari, na tabia ya mashabiki kumlaani mpinzani kwa kosa lile lile wanalomsamehe mchezaji wa kwao.

Mchezo wa hoki ya barafu

Hoki ya barafu huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 6 kila moja, akiwemo kipa, juu ya kiwanja cha barafu kilichozungushiwa ukuta mfupi. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba upande wa chini ili kuteleza, na hutumia magongo kusukuma kisahani cha mpira mgumu kuelekea golini. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu haujaenea. Nairobi kuna kiwanja kidogo cha barafu ambako timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi, lakini kwa mkazi wa Tunduma, Vwawa au Mbeya ni mchezo wa kuonekana kwenye televisheni tu.

Tofauti na mpira wa miguu, sheria za hoki ya barafu zinaruhusu kumgonga kwa mwili mpinzani mwenye kisahani. Kumpiga mtu ngwala, kumpiga kwa gongo au kumgonga asiye na kisahani ni kosa. Mkosaji hutolewa nje kwa muda, kwa kawaida dakika 2 au 5, na timu yake huendelea kucheza ikiwa na upungufu. Muda huo huingizwa katika kumbukumbu zake kama dakika za adhabu.

Pamoja na sheria hizo, tangu zamani wachezaji walikuwa na desturi isiyoandikwa, kwamba anayemwumiza mwenzao naye lazima aumizwe. Refa asipoona, au adhabu yake ikionekana ndogo, wachezaji hulipiza wenyewe. Anayefuatilia mechi za Simba na Yanga anaijua hali hiyo: mchezaji aliyepigwa kiwiko bila refa kuona huinuka na kulipiza, na mara nyingi kadi nyekundu humwangukia huyo wa pili. Katika hoki ya miaka ya 1920 na 1930 kisasi kilikuwa cha hatari zaidi kutokana na kasi ya mchezo, ugumu wa barafu na kukosekana kwa kofia za kukinga kichwa.

Maisha ya awali

Shore alizaliwa Fort Qu'Appelle, katika eneo ambalo tangu mwaka 1905 ni sehemu ya jimbo la Saskatchewan. Alikulia karibu na mji mdogo wa Cupar, ambako familia yake ilikuwa na shamba. Kazi za shambani, pamoja na kutunza mifugo katika baridi kali ya eneo hilo, zilimjenga mwili na kumzoesha kuvumilia maumivu.

Aliingia katika hoki akiwa amechelewa kulinganisha na vijana wengi wa Kanada. Inasimuliwa kwamba kaka yake, aliyekuwa akicheza tayari, alimchokoza kwa kumwambia kuwa hataweza kamwe kuwa mchezaji mzuri, naye akaanza kujifunza kwa bidii ili kumwonyesha kuwa amekosea.

Katika msimu wa 1923–24 alichezea Melville Millionaires, timu ya ridhaa. Mwaka uliofuata alijiunga na Regina Capitals katika ligi ya kulipwa ya Kanada magharibi, kisha akahamia Edmonton. Huko alipewa jina la utani la Treni ya Edmonton kwa sababu ya jinsi alivyokimbia na kisahani bila kujali nani amesimama mbele yake.

Kujiunga na Boston Bruins

Mwaka 1926 ligi ya magharibi ilivunjika kwa ukosefu wa fedha, na wachezaji wake wakauzwa kwa klabu za NHL. Shore alikwenda Boston Bruins, klabu iliyokuwa na umri wa miaka 2 tu, chini ya mmiliki Charles Adams na kocha Art Ross.

Mapokezi yake hayakuwa ya upole. Katika mazoezi ya mwaka huo aligongana na mwenzake Billy Coutu, beki mzoefu aliyetoka Montreal, na sikio lake likakaribia kukatika. Madaktari walitaka kuliondoa, lakini Shore alitafuta daktari aliyekubali kulishona. Coutu mwenyewe alifungiwa maisha na NHL mwaka 1927 baada ya kumshambulia refa mwishoni mwa fainali za Kombe la Stanley. Adhabu hiyo ililegezwa baadaye ili acheze ligi ndogo, lakini hakurudi tena NHL.

Katika msimu wake wa kwanza Shore alifunga magoli 12, idadi kubwa kwa beki wa wakati ule, na kupata dakika 130 za adhabu. Msimu wa 1927–28 dakika zake za adhabu zilifika 165, idadi ambayo hakuna mchezaji wa NHL aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja hadi wakati huo. Mwaka 1929 Bruins waliwashinda New York Rangers na kutwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Namna ya uchezaji

Mabeki wengi wa kizazi chake walibaki nyuma kulinda goli. Shore aliuchukua kisahani langoni kwake na kukimbia nacho hadi upande wa wapinzani, akiwapita au kuwagonga waliomzuia. Namna hiyo ilimfanya awe mshambuliaji wa ziada, lakini pia ilimweka katika migongano mingi kuliko beki wa kawaida.

Kisa kimoja kinachosimuliwa sana Boston ni cha Januari 1929. Shore alikosa treni ya timu iliyokuwa ikienda Montreal. Akasafiri kwa gari usiku kucha katika dhoruba ya theluji, akafika akiwa amechoka kabisa, akacheza mechi ile dhidi ya Montreal Maroons na kufunga goli pekee lililoipa Boston ushindi wa 1–0.

Aliumizwa mara nyingi kama alivyoumiza wengine. Mnamo Novemba 1929, katika mechi nyingine dhidi ya Maroons, wapinzani walimpiga mfululizo hadi akavunjika pua, akapoteza meno na kupoteza fahamu. Wakati anastaafu mwili wake ulikuwa umeshonwa nyuzi mamia kadhaa.

Tukio la tarehe 12 Desemba 1933

Toronto Maple Leafs walifika Boston Garden kucheza na Bruins. Katika kipindi cha pili Toronto walikuwa na upungufu wa wachezaji 2 waliokuwa wakitumikia adhabu. Ili kupoteza muda, Ace Bailey alikaa na kisahani kwa ustadi, akiwazungusha Bruins bila wao kukipata. Bailey hakuwa mchezaji mkorofi. Mwaka 1929 alikuwa amemaliza msimu akiongoza kwa magoli katika ligi yote.

Shore alipokipata kisahani alikimbilia goli la Toronto, lakini King Clancy alimwangusha na kukichukua. Refa hakupuliza filimbi. Shore aliinuka na kurudi kuelekea upande wake wa kiwanja, huku Bailey akiwa amempa mgongo, ameinama akipumzika. Shore alimgonga kwa nguvu kutoka nyuma. Bailey aliruka juu, akaanguka chali na kichwa chake kikapiga barafu. Watu wengi waliamini kwamba Shore alimdhani kuwa Clancy au mchezaji mwingine wa Toronto. Yeye mwenyewe alikana kwamba alikusudia kumwumiza.

Red Horner, beki wa Toronto, alimfuata Shore na kumpiga ngumi moja. Shore naye alianguka, kichwa chake kikapasuka, akapoteza fahamu. Hivyo kwa muda mfupi wachezaji wawili walikuwa wamelala kwenye barafu, mmoja wa kila timu. Clancy, ambaye kitendo chake ndicho kilichoanzisha yote, hakuguswa.

Wakati Bailey akibebwa kutolewa nje, shabiki mmoja wa Boston alipiga kelele kwamba anajifanya. Conn Smythe, meneja wa Toronto, alimpiga shabiki huyo ngumi na akakamatwa na polisi. Mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye. Inasimuliwa pia kwamba baba yake Bailey alisafiri kwenda Boston akiwa na bastola kumtafuta Shore, akazuiwa na watu wa klabu kabla hajamfikia.

Bailey alipata fahamu kwa muda mfupi chumbani. Shore alikwenda kumwomba radhi, na inasemekana Bailey alimjibu kwamba hayo ni sehemu ya mchezo. Hali yake ikabadilika usiku huo huo. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mara 2, na kwa siku kadhaa madaktari hawakuwa na matumaini kwamba ataishi. Polisi wa Boston walianza uchunguzi, kwa kuwa kama angefariki Shore angeweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Bailey alipona, lakini hakucheza tena hoki.

Adhabu

Uchunguzi wa ligi ulisimamiwa na rais wake Frank Calder pamoja na Frank Patrick. Horner alifungiwa hadi tarehe 1 Januari 1934. Shore alifungiwa mechi 16, yaani theluthi moja ya msimu wa mechi 48.

Wengi wa Toronto waliona adhabu hiyo ni ndogo, na wapo waliotaka afungiwe maisha. Hoja yao ilikuwa na uzito ikilinganishwa na kesi ya Coutu, kwani aliyempiga refa alifukuzwa kabisa, na aliyemfanya mpinzani asicheze tena alirudi msimu huo huo. Upande wa Boston ulisema kwamba ugongaji wa namna ile hutokea kila wiki, na kwamba kilichofanya tukio hilo liwe kubwa ni jinsi Bailey alivyoanguka. Bruins waliathirika pia, kwani walimaliza msimu wa 1933–34 wakiwa wa mwisho katika kundi lao.

Msimamo wa mashabiki

Boston Garden walimshangilia Shore kila alipoanza kukimbia na kisahani. Katika miji mingine alizomewa tangu anapoingia, ingawa watu walinunua tiketi kwa wingi ili kumwona. Kitendo kilichoitwa ushujaa nyumbani kiliitwa ukatili ugenini, na mtendaji alikuwa yule yule.

Toronto nao hawakuwa tofauti. Red Horner, ambaye ngumi yake ilionekana huko kuwa ya haki, aliongoza NHL kwa dakika za adhabu katika misimu 8 mfululizo, kuanzia 1932–33 hadi 1939–40, na mwaka 1938 akafanywa nahodha wa Maple Leafs. Mashabiki waliotaka Shore afukuzwe walikuwa wakimlipia kiingilio mchezaji aliyeadhibiwa kuliko wote katika ligi. Methali ya mkuki kwa nguruwe kuwa mtamu na kwa binadamu kuwa mchungu inaeleza hali hiyo vizuri.

Upendeleo huo ulikuwa na madhara yake. Klabu ziliona kwamba mchezaji mkali huvuta watu uwanjani, na ligi haikuwa na haraka ya kumwondoa mtu anayeingiza mapato. Mchezaji naye alijua kwamba akipigwa bila kulipiza, mashabiki wake wenyewe wangemwona mwoga. Aliyebaki bila mtetezi ni yule aliyesimama karibu wakati kisasi kinapotafuta mtu, kama ilivyokuwa kwa Bailey.

Mechi ya tarehe 14 Februari 1934

Ili kumsaidia Bailey na familia yake, ligi iliandaa mechi kati ya Maple Leafs na timu ya wachezaji bora kutoka klabu nyingine, katika uwanja wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto. Shore alichaguliwa katika timu hiyo ya wachezaji bora. Haikujulikana mapema jinsi mashabiki wa Toronto watakavyompokea.

Kabla ya mechi, kila mchezaji alipita mbele ya Bailey kupokea jezi yake. Ilipofika zamu ya Shore uwanja ulikuwa kimya. Bailey alinyoosha mkono, wakashikana mikono, na umati uliokuja ukiwa na kinyongo ukapiga makofi kwa nguvu. Maple Leafs walishinda 7–3 na mechi ikaingiza zaidi ya dola 20,000. Hii inahesabiwa na wengi kuwa mechi ya kwanza ya nyota wa NHL, ingawa mechi rasmi za kila mwaka zilianza mwaka 1947.

Siku hiyo Maple Leafs walitangaza kwamba jezi namba 6 ya Bailey haitavaliwa na mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya NHL kuistaafisha namba ya mchezaji. Bailey baadaye alikuwa kocha katika Chuo Kikuu cha Toronto na mtunza muda katika uwanja wa Maple Leaf Gardens. Hakuendeleza kinyongo dhidi ya Shore. Alifariki mwaka 1992.

Miaka ya mwisho ya uchezaji

Baada ya kurudi, Shore alicheza akiwa amevaa kofia ngumu (helmeti) hadi mwisho wa maisha yake ya uchezaji. Wachezaji wengine wachache walimfuata kwa muda, lakini wengi waliendelea kucheza vichwa wazi. NHL ilifanya helmeti kuwa lazima kwa wachezaji wapya mwaka 1979 tu, miaka 45 baada ya Bailey kuvunjika fuvu.

Kiwango cha Shore hakikushuka. Alikuwa amepata tuzo ya Hart mwaka 1933, akaipata tena mwaka 1935, 1936 na 1938. Mwaka 1939 alitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya pili. Januari 1940 alihamishiwa New York Americans, akastaafu NHL mwaka huo akiwa amecheza mechi 550, kufunga magoli 105 na kupata zaidi ya dakika 1,000 za adhabu.

Umiliki wa Springfield Indians

Shore aliinunua klabu ya Springfield Indians kabla hajastaafu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia uwanja wa Springfield ulichukuliwa na jeshi, na Shore akaongoza timu mjini Buffalo hadi vita vilipokwisha. Springfield walitwaa Kombe la Calder, linaloshindaniwa katika Ligi ya Hoki ya Marekani, mara 3 mfululizo: 1960, 1961 na 1962.

Kama mmiliki alijulikana kwa ubahili na ukali. Aliwafundisha wachezaji kucheza ngoma ili waboreshe hatua zao, na waliokuwa hawapangwi aliwapa kazi za matengenezo uwanjani. Mnamo Desemba 1966 aliwasimamisha wachezaji kadhaa bila malipo, na timu nzima ikagoma. Wachezaji walimwita mwanasheria Alan Eagleson kuwatetea. Mgomo huo ulichangia kuundwa kwa chama cha wachezaji wa NHL mwaka 1967, na mwaka huo huo uendeshaji wa timu ulihamia kwa Los Angeles Kings.

Matukio yaliyofanana

Tukio la Shore na Bailey limelinganishwa na mengine yaliyofuata. Mnamo Machi 1955 Maurice Richard wa Montreal Canadiens alipigwa gongo kichwani na Hal Laycoe wa Boston, akalipiza kwa gongo lake na kisha kumpiga msaidizi wa refa. Rais wa ligi Clarence Campbell alimfungia kwa muda wote uliobaki wa msimu pamoja na mechi za mtoano. Mashabiki wa Montreal, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kifaransa, waliona kwamba wameonewa, na tarehe 17 Machi kukazuka ghasia mjini.

Mwaka 2004 Todd Bertuzzi wa Vancouver Canucks alimshambulia kwa nyuma Steve Moore wa Colorado Avalanche, ikiwa ni kisasi kwa Moore kumgonga nahodha wa Vancouver wiki chache kabla. Moore alivunjika mifupa ya shingo na hakucheza tena NHL. Bertuzzi alikiri kosa mahakamani. Katika kesi hiyo pia hukumu ya mashabiki ilifuata zaidi rangi za jezi kuliko kitendo chenyewe.

Kifo na kumbukumbu

Shore aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mwaka 1947, na Bailey mwaka 1975. Boston Bruins waliistaafisha jezi yake namba 2. Ligi ya Hoki ya Marekani humtunuku beki bora wa kila msimu tuzo yenye jina la Eddie Shore.

Alifariki mjini Springfield tarehe 16 Machi 1985, akiwa na umri wa miaka 82.